Dereva wa usiku alale mchana bila aibu: barua ya wazi kwa wenye mabasi na wasimamizi wa safari

Kwenu wamiliki wa mabasi ya masafa marefu, mameneja wa safari, LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), Kikosi cha Usalama Barabarani, na halmashauri zenye stendi za mikoa.

Salaam kwenu nyote.

Tangu 2023 mabasi nchini Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Abiria wengi wamefurahi, biashara imepata nafasi ya kupumua, na mengi yamesemwa kuhusu mwendokasi, taa, tairi na mfumo wa kufuatilia mabasi. Jambo moja limebaki bila mwenyewe: dereva anayeondoka saa 1 usiku, mchana wake alilala wapi, na alilala saa ngapi? Sisi tunaofundisha madereva wa mabasi haya tunaandika kwa ajili ya jambo hilo peke yake.

Nendeni stendi yoyote kubwa saa 9 alasiri mkaangalie. Dereva wa safari ya jioni amejikunja kwenye kiti cha mbele cha basi, kofia imemfunika uso, simu iko kifuani. Simu ikiita, anakohoa kwanza mara mbili, anasafisha koo, ndipo anapokea: "Naam bosi, nipo macho, naangalia gari." Kikohozi kile cha kuficha sauti ya usingizi ndicho kilichotufanya tuandike. Mtu anayebeba roho zaidi ya 50 usiku mzima anaona haya kukutwa amelala mchana, saa ambazo kulala ndiko kujiandaa na kazi yenyewe.

Haya hiyo hakuzaliwa nayo. Amefundishwa kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Nyumbani anaambiwa mwanaume mzima halali jua likiwaka. Stendi wenzake wanamcheka, na malipo ya kila safari yanamfanya aone saa ya kulala ni saa ya kukosa hela. Ajabu ni kwamba watu wa pwani wamelijua jambo hili siku nyingi. Baada ya adhuhuri mtu hulala kailula, duka linafungwa, na hakuna anayemwita mvivu. Mkulima naye jua la utosi likiwaka huweka jembe chini ya mwembe akajinyoosha. Dereva wa usiku amenyimwa heshima hiyo, na yeye ndiye mwenye haja nayo kuliko wote.

Madhara ya aibu yanaonekana barabarani. Anayelala kwa kujificha hulala vibaya. Hulala mahali popote atakapopata: juu ya usukani, kiti cha nyuma, wakati mwingine ndani ya buti. Haweki alamu, maana anategemea kuamshwa na simu. Huwasha injini ili kiyoyozi kifanye kazi, na moshi unaovuja chini ya gari una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumlaza mtu asiamke. Akishtuliwa, anaruka moja kwa moja kwenye usukani kabla akili haijarudi. Kila hatari tutakayoitaja hapa chini inakuwa kubwa zaidi pale usingizi unapoibwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu usingizi una hesabu kama mafuta.

Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo saa baada ya saa, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kinachoipunguza ni kulala tu. Pamoja nayo kuna saa ya mwili, ambayo haijali ratiba ya basi. Inamshusha binadamu mara mbili kwa siku. Mteremko mkubwa ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, na mdogo ni kati ya saa 7 na saa 10 alasiri. Wengi husema usingizi wa mchana unaletwa na ugali. Shibe huuongeza, lakini mteremko ule huja hata kwa mtu ambaye hajala.

Chukueni basi linaloondoka stendi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam, saa 1 usiku kwenda Mwanza. Dereva aliamka saa 12 asubuhi kama watu wote, akapeleka mtoto shule, akaenda gereji kusimamia breki, akarudi kupakia. Anapotoka stendi ana saa 13 macho wazi. Akifika Morogoro, saa 5 usiku, zimetimia 17. Watafiti wa Australia walipima watu waliokaa macho namna hiyo, na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba saa 17 bila kulala humpunguzia mtu umakini sawa na kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Zikitimia saa 24, ni kama asilimia 0.10. Dereva wetu anatimiza saa 24 akiwa anakaribia Singida.

Mtasema kuna dereva wa pili, anapokea Dodoma. Ni kweli, na ni utaratibu mzuri. Lakini huyo wa pili naye aliamka saa 12 asubuhi ileile. Alichopata njiani ni malepe ya kwenye kiti, basi likiruka matuta, taa zikiwashwa kila abiria anaposhuka kuchimba dawa. Usingizi wa ndani ya gari linalotembea ni mwepesi na wa vipande vipande, na sisi hatuuhesabu kuwa sawa na wa kitandani. Kisha anakabidhiwa kipande kigumu kuliko vyote: Dodoma, Bahi, Manyoni hadi Singida, barabara kavu, giza, kuanzia saa 8 usiku hadi alfajiri, ndani kabisa ya ule mteremko mkubwa wa mwili. Kwa kilomita 80 kwa saa basi linakwenda mita 22 kila sekunde. Akipitiwa sekunde 4 tu, basi limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Na mara nyingi mwenyewe hajui kama alipitiwa.

Dawa ipo, na haina gharama kubwa. Dereva wa usiku anahitaji usingizi wa aina mbili mbali na ule wa usiku uliotangulia.

Wa kwanza ni usingizi wa alasiri kabla ya safari. Uwe wa saa 1 na nusu kwa uchache, saa 3 ikiwezekana, kati ya saa 8 na saa 11. Saa moja na nusu ndiyo takriban mzunguko mmoja mzima wa usingizi, kutoka mwepesi hadi mzito na kurudi, kwa hiyo mtu huamka bila kuvunjwa katikati. Na saa 8 imechaguliwa kwa sababu mwili wenyewe unashuka muda ule, usingizi unakuja bila kubembelezwa. Hapa mameneja wengi hukosea kwa nia njema. Humwambia dereva saa 12 jioni, "Jilaze kidogo kabla hatujaondoka." Kuanzia saa 12 jioni hadi karibu saa 3 usiku saa ya mwili humwamsha mtu kwa nguvu zake zote. Dereva atalala kitandani anatazama dari, atainuka amechoka na moyo mzito kwa kudhani ana kasoro. Hana kasoro, alipewa muda usiofaa. Akiamka saa 11 ana saa mbili za kuoga, kula chakula chepesi na kukagua gari, na anaingia barabarani kichwa kimetulia.

Usingizi wa pili ni wa dakika 20 njiani. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwahi kuwajaribu marubani wa ndege za masafa marefu. Walipewa nafasi ya dakika 40 kwa zamu wakiwa kwenye viti vyao, wakalala wastani wa dakika 26, na umakini na utendaji wao ukapanda waziwazi ukilinganisha na wenzao ambao hawakulala. Tofauti ni kwamba rubani huyo ana mwenzake anayeendesha. Dereva wetu lazima asimamishe gari.

Tunavyofundisha ni hivi. Simamisheni mahali penye taa na watu, nje kabisa ya lami. Kituo cha mafuta kinafaa, na ukingo wa barabara haufai hata kidogo. Zimeni injini, fungueni vioo kidogo pande zote mbili. Dereva anywe kahawa kabla ya kulala, vikombe viwili vya kahawa ya unga, kijiko kimoja cha chai kila kikombe kikiwa kimejaa vizuri, ambayo ni kama miligramu 150 za kafeini. Inywewe kwa haraka. Kafeini huchukua takriban nusu saa kufika kazini, kwa hiyo dereva analala wakati inapanda na anaamka wakati inafika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipima mbinu hii kwa madereva wenye usingizi miaka ya 1990 wakakuta kahawa pamoja na lepe la robo saa vinafanya kazi vizuri. Alamu iwekwe dakika 25, tano za kuutafuta usingizi na 20 za kulala. Dereva alale kiti cha abiria kilicholazwa nyuma, kamwe asilalie usukani. Asiposinzia kabisa, atulie tu amefumba macho. Atapata nafuu kiasi, na asijilaumu.

Alamu ikilia ndipo pana kosa la kawaida kuliko yote. Mtu aliyeamka hajaamka. Kwa dakika 15 hadi 30 akili bado ina ukungu, mkono mzito, uamuzi wa polepole. Ashuke, anawe uso, azunguke basi, apige teke kila tairi, azungumze na kondakta. Zipite dakika 15 kabla hajagusa ufunguo. Akipitiliza akalala dakika 45 au saa nzima, ameingia usingizi mzito na ukungu huo unaweza kumkalia kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana wengine husema "nikilala kidogo ndiyo nazidi kuchoka." Hawakulala kidogo, walilala katikati. Kwa sababu hiyohiyo dereva wa kupokezana asiamshwe Ruaha Mbuyuni, barabara ya Iringa, kisha akabidhiwe mlima wa Kitonga papo hapo. Aamshwe nusu saa kabla, na apokee gari sehemu tambarare.

Jumla ni dakika 45 za kusimama. Tunajua abiria watalalamika, na kwa uzoefu wetu kelele hiyo hutokana na kutoambiwa. Kondakta asimame mbele aseme kwa sauti ya kawaida: "Abiria wetu, tunasimama dakika 45. Kuna chakula na choo. Dereva anapumzika ili tufike salama." Maneno hayo mawili, dereva anapumzika, yakitamkwa hadharani kila usiku, yataondoa haya ya miaka mingi haraka kuliko semina yoyote. Ulaya dereva wa gari kubwa analazimishwa na sheria kupumzika dakika 45 kila baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na hakuna anayemwona legelege.

Kuhusu mbinu nyingine zinazopendwa barabarani tutasema kwa ufupi. Kufungua dirisha na kupandisha muziki humchangamsha mtu dakika chache, kisha usingizi unarudi ulipoachwa. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kafeini na sukari tu. Mirungi ni haramu kisheria, na ikimwisha mwilini inamwangusha dereva kwa kishindo. Na kahawa ina saa yake ya mwisho. Nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa 5, hivyo aliyekunywa saa 11 alfajiri ataibeba mpaka kitandani.

Kitandani penyewe ndipo pana kazi yenu kubwa. Dereva aliyefika Mwanza karibu na adhuhuri analala saa ambazo mwili unataka kuamka, na usingizi wa mchana kwa kawaida hukatika baada ya saa 4 hadi 6 hata kama amechoka vipi. Saa hizo chache zisivunjwe. Chumba kiwe na giza kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni vidole. Pazia moja jepesi halitoshi, wekeni blanketi jeusi au karatasi ya nailoni nzito dirishani. Feni iwekwe, kwa upepo na kwa mvumo wake unaomeza kelele za wapiga debe. Godoro la futi 6 kwa 3, chandarua, kufuli la ndani, choo karibu. Kituo chenye mabasi 20 ya usiku hakihitaji jumba. Vyumba vinne vya vitanda viwili viwili, upande wa stendi ulio mbali na spika za matangazo, vitaanza kazi. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa kila basi linaloingia zina uwezo wa kulifanya hili, na tunaomba liingie kwenye bajeti ijayo kama vyoo vilivyoingia.

Halafu kuna simu. Tunaomba kwa moyo wote: dereva aliye kwenye muda wa kulala asipigiwe. "Upo wapi?" ya saa 8 mchana inavunja usingizi ambao hautarudi kabla ya safari. Kila kampuni iwe na ofisa mmoja wa zamu mwenye kujua gari liko wapi, limepakia nini, linadai nini. Ubao wa ofisini uandikwe jina la dereva na muda wake wa kulala, na yeyote anayemtaka apitie kwa ofisa huyo. Dereva azime simu bila kuogopa. Hata mmiliki wa kampuni asubiri.

Fomu ya safari nayo iongezwe mistari mitatu. Dereva aandike saa aliyoamka, jumla ya saa alizolala katika saa 24 zilizopita, na katika saa 48 zilizopita, usingizi wa mchana ukihesabiwa sawa na wa usiku. Kipimo kinachotumika sana na wataalamu wa uchovu kazini ni hiki: aliyelala chini ya saa 5 katika 24, au chini ya saa 12 katika 48, asishike usukani. Kipimo cha tatu kinasaidia wanaoanza safari wakiwa wazima: idadi ya saa atakazokuwa macho mpaka mwisho wa zamu isizidi saa alizolala katika siku mbili zilizopita. Aliyelala jumla ya saa 13 hapaswi kumaliza zamu akiwa na saa 15 tangu aamke. Dakika moja ya kalamu inatosha kuyajua haya yote.

Lakini fomu itajazwa uongo ikiwa ukweli unamnyima mtu posho. Tunalisisitiza hili kuliko mengine yote. Dereva akisema "leo sikulala, mtoto aliumwa usiku kucha," apangiwe dereva wa akiba na yeye alipwe posho ya siku hiyo, angalau kwa mara zinazokubaliwa kwa mwezi. Anayeona gharama hapo aiweke mezani pamoja na bei ya basi jipya, kesi na mazishi. Vilevile saa za kulala alasiri ziandikwe kwenye ratiba kama sehemu ya zamu, zikiwa na muda wa kuanza na kumaliza, mahali palepale inapoandikwa saa ya kupakia. Kilichoandikwa kwenye ratiba hakifichwi.

LATRA, mfumo wenu wa kufuatilia mabasi unaonyesha gari lilipoanza kutembea na liliposimama. Tunaomba utumike pia kusoma mapumziko: basi la usiku lililokwenda saa 5 mfululizo bila kusimama liulizwe kama linavyoulizwa lililopita kilomita 80 kwa saa. Na kwa askari wa usalama barabarani, mkikuta basi limeegeshwa pazuri, injini imezimwa, dereva amelala, mwacheni amalize dakika zake. Maeneo ya mizani yenye nafasi na taa yanaweza kuwa mahali rasmi pa kusimama, mkikubaliana na wahusika wa barabara.

Tuongeze tahadhari moja. Yupo dereva anayelala saa 7 au 8 na bado anasinzia mchana kutwa, anakoroma hadi chumba cha pili, na mwenzake amewahi kumwona kama pumzi imekata kisha anashtuka akitweta. Mara nyingi ana shingo nene, zaidi ya sentimita 43, na shinikizo la damu liko juu. Huyo hatibiwi kwa kulala zaidi. Njia yake ya hewa huziba usingizini, ubongo haupumziki. Apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa kifua. Tiba ipo, na akitibiwa anarudi kazini. Asifukuzwe, la sivyo wenzake wenye dalili zilezile watanyamaza.

Kinachoweza kuanza wiki hii bila kungoja bajeti ya mtu ni simu na ratiba. Chagueni safari moja ya usiku, wapangieni madereva wake wawili saa 8 hadi saa 11 za kulala, mteueni ofisa wa kupokea simu zao, na kondakta apewe tangazo la dakika 45. Fanyeni hivyo mwezi mmoja, kisha waulizeni madereva hao kipande cha Manyoni kinapitaje saa 10 alfajiri.

Wenu katika usalama wa safari,
Wakufunzi wa madereva wa mabasi ya masafa marefu